Nilituma kwenye grupu, nikadhani nimetangaza

Wiki mbili zilizopita kijana mmoja aliyechaguliwa uenyekiti wa mtaa Novemba 2024, kata ya jirani na kwetu hapa Dar es Salaam, aliniandikia hivi: "Shikamoo Mzee. Grupu la mtaa wangu lina watu mia tatu na kitu. Nikiweka tangazo wanne wananiwekea dole gumba, mmoja anatuma picha ya maua ya Ijumaa Njema, wengine kimya. Nikiitisha mkutano wanakuja kumi na wawili, na watano kati yao ni wajumbe wangu. Wewe uliwezaje?"

Marahaba, mwanangu. Nimekaa na ujumbe wako siku nne bila kuujibu, kwa sababu hilo neno "uliwezaje" limenigusa pabaya. Sikuweza. Nilianza kuweza mwishoni, nikiwa nimeshaharibu vya kutosha, na nilipoanza kuonja utamu wa kazi ndipo nikatolewa. Jibu ni refu, nimeona niliandike hapa wote walione. Najua wengi mnaopita hapa ama mna kiti cha mtaa ama mnakitamani. Msikatae. Hakuna anayesoma habari za serikali ya mtaa kwa kujiburudisha.

Nilishika mtaa miaka kumi kasoro wiki chache. Desemba 2014 nilishinda kwa kura kumi na tisa za ziada. Mwaka 2019 nikarudi bila kupingwa, na wanaoukumbuka uchaguzi ule wanajua kupita bila kupingwa kulikuwa na maana gani. Mimi wakati ule niliona ni kupendwa.

Nianze na mbuzi. Ofisi yetu ilikuwa chumba kimoja cha kupanga, jirani na mashine ya kusaga. Nje tuliweka ubao wa plaiwudi. Tangazo naliandika kwa kalamu nene, nalibandika kwa uji wa unga wa ngano maana hela ya gundi haikuwepo. Asubuhi nakuta nusu ya tangazo. Nikawaza: hawa ni watu wa upande wa pili wanahujumu. Nikamwomba mgambo alinde ubao usiku mmoja. Alfajiri akaja kwangu anacheka mpaka kofia imemdondoka. Alikuwa mbuzi wa mzee wa nyumba ya tatu, anakuja kulamba uji wa ngano, karatasi inafuata humo humo. Mapato na matumizi ya robo ya kwanza ya 2015 yaliishia tumboni mwa mbuzi, na hakuna mkazi hata mmoja aliyekuja kuuliza yamekwenda wapi. Hilo la pili ndilo lililostahili kunishtua. Sikushtuka, nikatafuta gundi.

Kisha ikaja WhatsApp. Mwaka 2016 nilinunua simu janja ya kwanza, mwanangu wa pili akanifungulia grupu. Siku hizo grupu moja halikuweza kuzidi watu 256. Letu lilijaa ndani ya miezi miwili, nami nikaanza kutamba. Kwenye vikao vya kata nilikuwa natoa simu mfukoni, naiweka mezani, nasema watu wangu wote wako humu. Mtaa wetu una watu zaidi ya elfu sita. Hesabu ya darasa la nne ingeniambia kwamba humo nina watu wanne katika kila mia, na baadhi yao walishahama mtaa siku nyingi, wamebaki kwa ajili ya umbea.

Semina, vikao na safari za ukumbini naziruka, hazina kitu. Twende kwenye dumu.

Septemba 2018 nilikuwa msibani. Ujumbe ukaingia kwenye simu: maji yatakatika siku tatu kuanzia kesho kwa ajili ya matengenezo ya bomba kubwa, wananchi mnaombwa kuhifadhi maji. Juu una nembo, chini una ile lugha ya "tunaomba radhi kwa usumbufu utakaojitokeza". Nikaufowadi bila kuusoma mara ya pili, na la kwangu nikaongeza: "Wakazi wangu, jazeni madumu, msije mkalalamika." Jioni ile mtaa ulikuwa kama umetangaziwa vita. Ndoo, madumu, masufuria, hadi beseni la kuogeshea mtoto. Wenye visima wakapandisha dumu kutoka shilingi 200 hadi 500. Jirani yangu mmoja alikopa akanunua simtanki. Kesho yake maji yakatoka kwa presha ambayo hatukuwa tumeiona mwaka mzima. Watu walikuwa wanafungua bomba makusudi ili nisikie.

Tangazo lilikuwa la mwaka uliopita, tena la upande mwingine kabisa wa jiji. Tarehe ilikuwepo, kwa herufi kama zile za kwenye karatasi ya dawa. Tangu siku hiyo nina jina. Watoto wa mtaa wote wananiita Mzee Dumu, na wengine nahisi hawajui kama nina jina jingine.

Kwa hiyo ushauri wa kwanza huo: tangazo lisilo na tarehe na lisilo na jina la mtoaji usilipeleke popote. Mpigie mhusika, mtendaji wako anazo namba. Baada ya aibu ile kila tangazo langu lilianza hivi: leo ni tarehe fulani, nimeongea na ofisi fulani saa fulani, ni mimi mwenyekiti. Walicheka mwanzoni. Halafu likaja jambo ambalo sikulitarajia. Kila taarifa ya ajabu ikiingia kwenye grupu, mtu anauliza: "Hii Dumu ameipitisha?" Nikawa muhuri unaotembea. Najivunia hilo, sifichi.

Mwaka 2022 nikapata somo jingine, nikalitupa. Kwanza ilikuwa kazi ya anwani za makazi, kisha Sensa, usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti. Kazi yetu wenyeviti ilikuwa kuwapitisha makarani, kuwaonyesha mipaka na nyumba. Mimi nilizoea kuhesabu mtaa kwa wenye nyumba: nikisalimiana na mzee wa barazani, basi nyumba hiyo nimemaliza. Karani akaniambia tuingie uani. Tukakuta vyumba tisa, kaya tisa, choo kimoja. Nyumba ya pili vyumba sita. Nyumba ya tatu kuna watu wamepanga mpaka kwenye banda lililokuwa la kuku. Dada mmoja anayefanya kazi kiwandani zamu ya usiku alitoka na kanga, macho yamejaa usingizi, karani akanitambulisha, naye akaniangalia juu mpaka chini: "Kwani huu mtaa una mwenyekiti?"

Amekaa pale miaka mitatu. Nchi ilihesabiwa watu 61,741,120, na mimi katika idadi hiyo niliwakuta mia kadhaa ambao kwao sikuwahi kuwepo. Ungedhani hapo nilijifunza. Nilirudi nyumbani nikafungua grupu la pili.

Sasa hili linalofuata nimelisimulia mara mbili tu maishani, na mara zote mbili sikulimaliza.

Mnaijua ile asilimia kumi ya mapato ya ndani ya halmashauri: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu, mkopo usio na riba. Mtaani kwetu kulikuwa na kikundi cha akina mama saba waliohangaika karibu mwaka mzima. Katiba wameandika, cheti wamepata, akaunti benki wamefungua kwa michango ya elfu mbili mbili. Kilichobaki ni fomu na barua yangu. Februari 2023, siku ya Alhamisi, nikapigiwa simu kutoka kata: mwisho wa kupokea maombi ni Ijumaa ya wiki ijayo. Nikaandika tangazo zuri sana. Tarehe ipo, jina lipo, mahali pa kuchukulia fomu papo, yaani kila nilichojifunza kwenye dumu nilikiweka. Saa nne usiku nikalituma kwenye magrupu yote mawili, nikalala usingizi mzuri.

Mwenyekiti wa kile kikundi ni mama anayekaanga vitumbua kwenye kona ya kwenda sokoni. Simu yake ni kitochi. Kwa miaka minane nilikuwa nakula vitumbua vyake viwili na chai ya tangawizi kila asubuhi kabla ya kufungua ofisi. Ijumaa nilikula. Jumamosi nikala. Kuanzia Jumatatu hadi ile Ijumaa ya mwisho nikala, tukaongea bei ya mchele, tukaongea mkwe wake, tukabishana Simba na Yanga. Sikumwambia. Wala sikumficha. Kichwani mwangu nilikuwa nimeshamwambia.

Jumatatu iliyofuata alikuja ofisini na bahasha ya kaki imejaa mpaka inapasuka pembeni. Nikamwambia zoezi limefungwa Ijumaa. Hakupiga kelele, na heri angepiga. Alisema: "Mwenyekiti, asubuhi saba umekula kwangu. Huo mdomo ulikuwa unatafuna tu?"

Na mimi, mtu mzima, mwenye wajukuu, nikamjibu neno ambalo hadi leo natamani ningelimeza: "Mama, tangazo nililitoa."

Miezi miwili baadaye, Aprili 2023, serikali ikasimamisha mikopo ile nchi nzima ili kupanga utaratibu mpya. Ilirejea 2024. Kwa hiyo uzembe wangu wa wiki moja kwao ukawa zaidi ya mwaka. Wawili walijitoa kwenye kikundi. Mmoja alikopa kwa watu wa mikopo ya kausha damu, na yaliyompata huko siyo ya kuandika hapa. Mimi kwa aibu nikahamia kwa muuza vitumbua wa mtaa wa pili, miezi mitatu. Vitumbua vyake vina mchanga.

Nisikilizeni wenzangu. Hilo neno "nilishatangaza" litoeni mdomoni. Ni neno la kujikinga, halimsaidii mtu. Mwenyekiti si mtumaji wa ujumbe, kutuma hata mtoto wa darasa la kwanza anatuma. Kazi yako ni kujua nani hajasikia. Wazee wetu walisema la mgambo likilia lina jambo, na lile baragumu halikutundikwa ukutani likapiga lenyewe, lilikuwa na mtu nyuma yake anayetembea jua na mvua. Tangaza kwa mdomo. Grupu tumia, sikukatazi, ila tangaza kwa mdomo.

Kuna kosa jingine nilipite haraka kwa sababu linanichoma tofauti. Mwaka huohuo niliweka kwenye grupu orodha ya nyumba zinazodaiwa ada ya taka, majina na kiasi. Nilidhani nawatia moyo walipe. Mmoja wa waliokuwemo alikuwa mjane aliyetoka kumaliza arobaini, mwingine alikuwa ameshalipa na risiti anayo. Kijana anayesoma sheria akaniandikia pembeni, kwa adabu kabisa, kwamba kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Nikaifuta orodha, lakini ilishapigwa picha na watu. Kabla hata ya sheria, adabu ya kawaida ingetosha: deni la mtu linapelekwa mlangoni kwake, kwa sauti ndogo. Kwenye grupu weka jumla, idadi na makusanyo. Majina kaa nayo.

Nirudi kwa mama. Nilimtuma mjumbe wangu mmoja wa kike kumwombea radhi, akarudi na majibu kwamba radhi haitumiwi mtu. Nikaenda mwenyewe, saa kumi na mbili asubuhi, mbele ya wateja. Nilisema nilichosema. Akageuza kitumbua kwenye chuma chake, akageuza cha pili, halafu akasema: "Nimekusamehe. Ila kuanzia leo tangazo lako likitoka, lianzie hapa." Hilo ndilo shauri bora la utawala nililowahi kupewa, na nilikwenda semina nyingi.

Hesabu ni hii. Kabla ya saa tatu asubuhi yule mama anahudumia watu zaidi ya mia moja, na kila mmoja anasimama dakika mbili tatu kusubiri mafuta. Hakuna ubao wa matangazo wenye nguvu hiyo. Nikamwambia sentensi mbili, si karatasi: nini, wapi, mwisho lini. Sentensi ya tatu anaisahau, na wewe ungesahau. Nikafanya hivyo hivyo kwenye kijiwe cha bodaboda, kwa wakala wa fedha, saluni, kwenye bomba la jumuiya, na kwa yule dada wa kiwandani, ambaye alinipa zawadi kubwa: alinionyesha saa ambayo basi la wafanyakazi wa usiku linawashusha. Watu arobaini kwa mkupuo, wamechoka lakini wanasikiliza. Imamu alinipa dakika moja baada ya swala ya Ijumaa, wazee wa kanisa wakaniingiza kwenye matangazo ya Jumapili. Dakika moja iwe moja kweli, usigeuke mgombea pale.

Mabalozi wa nyumba kumi nao wana faida yao, wanajua nani kalala hospitali na nani kahama usiku. Lakini usisahau kwamba ubalozi ni wa chama, si wa serikali. Ukitegemea wao peke yao, kuna milango haitafunguliwa, na aliyeko nyuma ya mlango ule ni mkazi wako kama wengine.

Kilichonithibitishia ni kimbunga Hidaya. Mwanzoni mwa Mei 2024 Mamlaka ya Hali ya Hewa ilitoa tahadhari ya kimbunga hicho, boti za Zanzibar zikasimamishwa, na ardhi yetu ya bondeni ilikuwa imeshalowa mvua za miezi. Ijumaa tarehe 3 nilianzia kwenye vitumbua saa kumi na mbili. Saa tatu bodaboda wanajua. Mchana msikitini. Alasiri nikaingia uani, nyumba kwa nyumba kando ya mto, nikiwa na wajumbe wawili na mgambo. Magharibi ilipoadhiniwa bibi mmoja asiyeweza kutembea alikuwa amebebwa kwenye kiti na vijana wa kijiwe hadi kwa binti yake juu, na hakuna aliyewatuma. Walisikia, wakaenda. Usiku kikaanza kuzunguka kile kitu chenyewe, ujumbe wa sauti wa mtu asiyejulikana akilia kwamba bahari itapanda saa tisa usiku, watu wakimbie. Watu walitoka nje, lakini hawakukimbia. Walikuja kugonga kwangu. "Dumu, umeipitisha hii?" Nikawaambia sijaipitisha, rudini mkalale, waliotoka kando ya mto wasirudi huko. Jumamosi kimbunga kikapungua nguvu kilipofika Mafia. Sisi tulipata upepo, mapaa mawili, na miembe mitatu iliyoanguka.

Nilikaa barazani Jumapili ile nikajiambia: sasa wewe ni mwenyekiti. Miaka tisa na nusu baada ya kuapishwa.

Oktoba 2024 nikaangushwa kwenye kura za maoni za chama changu. Kura kumi na tatu. Saa ya kupiga kura ilisogezwa kutoka mchana hadi asubuhi, na taarifa ikatumwa, mnajua wapi? Kwenye grupu. Watu wangu ni akina mama wa kitochi. Walifika saa nane mchana wamependeza, wengine na watoto mgongoni, wakakuta viti vinakunjwa. Nilipolalamika nikajibiwa: "Mzee, tangazo lilitoka." Sisemi ilifanywa makusudi. Sisemi pia haikufanywa. Nasema tu kwamba neno hilo nilikuwa nalijua ladha yake kutoka upande wa pili wa meza, na siku ile nikalionja upande huu.

Aliyenirithi ni kijana mzuri, sina ugomvi naye. Ana magrupu manne.

Basi mwanangu, wewe uliyeuliza. Nimekueleza ya kwangu yote na naona ushauri wenyewe ni mmoja tu nimeurudia rudia, ndivyo ulivyo. Acha kuhesabu madole gumba. Kesho asubuhi usiandike kitu, toka utembee, ingia uani, uliza watu kumi lini mara ya mwisho walisikia jambo kutoka ofisini kwako, na walilisikia kwa nani. Majina ya hao "kwa nani" ndiyo ofisi yako.

Halafu Jumamosi hii njoo kwetu. Kikundi cha yule mama kimebaki na watano, wameomba tena, majibu bado hayajatoka, kwa hiyo usimuulize habari za mkopo mpaka akuanze mwenyewe. Fika mapema, vitumbua vinaisha saa mbili. Ukipotea muulize mtoto yeyote kwa Mzee Dumu. Mama nimeshamwambia utakuja, na nimemwambia kwa mdomo.